Mikwaruzo Ndani ya Nyungu Namba Saba

Mwende, mwana wa mama,

Ndio. Iliguswa.

Hiyo ndio jibu, na ungekuwa hapa mbele yangu ningeisema nikiangalia viatu. Umeuliza kwa imeili, "Kaka, ile nyungu namba saba, uko na uhakika hakuna mtu aliigusa?" Nimeisoma mara tatu hapa saiba ya River Road, duka ya kompyuta za kukodi, halafu nikamwomba Wambui, dada mwenye anachapia watu barua, anichapie hii. Unajua mimi na spelingi hatusalimiani. Basi naongea, yeye anachapa, na watu watano wenye wanangoja mashine wanasikiliza bure. Hii ni barua ya wazi kabisa. Kuna mzee hapa amezima redio yake ndio asikie vizuri.

Iliguswa, Mwende, na mkono yenye iligusa ni hii yangu.

Sasa usifunge kompyuta. Najua si kitu kidogo. Umesema profesa wako huko Japani anataka jibu kabla mwezi iishe: uendelee na nyungu za kuchuja maji, ama uziache uingie kwa ile kazi ya vioo za maghorofa, zile zinajiosha zenyewe mvua ikinyesha. Umesema roho yako iko kwa nyungu, lakini namba saba ndio inakushika mguu, kwa vile mpaka leo hujui ni kwa nini ilikosa. Umebeba hiyo swali miaka tatu. Mimi nayo nimelalia jibu miaka tatu kama kuku, na haijaangua kitu isipokuwa aibu.

Acha nianzie mbali kidogo. Mtu akikuharibia kazi, ni vizuri ujue ni nani.

Unakumbuka ile mto ndogo ya Riruta, chini ya ploti yetu ya kupanga, kwenye nduma, hizo magimbi, zilikuwa zinamea? Wewe ulikuwa na miaka sita, mimi kumi na moja. Mama ametutuma maji. Ukakata jani ya nduma, kubwa kama mwavuli, ukamwagia maji juu. Maji ikagawanyika, ikakimbia huku na huku kama shanga, ikaanguka chini. Jani ikabaki kavu. Ukamwaga tena, kavu. Ukaniangalia na hiyo macho yako ya polisi.

"Mutua, kwa nini haishiki?"

Nikakuambia, "Mungu ameipaka mafuta."

Ukapitisha kidole juu ya jani, ukanionyesha. "Basi mbona kidole yangu haina mafuta?"

Nikamwaga mimi pia. Tukamwaga maji yote kwa nduma tukitafuta hiyo mafuta, tukarudi nyumbani na mtungi tupu na mama akatugawia viboko bila upendeleo. Mimi nililia nikasahau. Wewe ulilia ukaendelea kufikiria. Nafikiri hapo ndio njia yetu iligawanyika. Mimi na shule tukaachana darasa la sita, bila ugomvi, kila mtu akaenda na mambo yake. Wewe ukabaki huko, hata wakati taifodi ilikulaza wiki mbili kabla ya mtihani, na ukaamka kitandani ukauliza, "Hiyo mdudu iliingia kwa maji wapi?" Watu wengine wakiamka huuliza uji.

Halafu ile siku ya suruali. Wambui, chapa hii polepole, ni tamu.

Nilikuwa nauza mitumba hapa River Road, suruali nimetandaza kwa turubai. Siku moja jamaa wa chai akajikwaa, akamwagia suruali moja ya kaki kikombe nzima. Nikafungua mdomo nimtukane, nikaona chai inateremka yenyewe kama imeitwa na mtu. Nikapangusa na kiganja. Hakuna doa! Mwende, sikuwa nimeenda kanisani mwezi mzima, lakini hapo nilisema asante. Kesho yake nilikuja na kikombe yangu. "Suruali ya maajabu! Inakataa mvua, inakataa chai, inakataa machozi ya mpenzi! Njoo ujionee, kuangalia ni bure!" Namwaga chai juu ya hiyo moja, watu wanashangaa, wananunua zingine. Hiyo moja sikuiuza. Ilikuwa mwalimu.

Ndio ukatokea, mwaka wako wa kwanza wa chuo, na vitabu kifuani. Nikajua utapita upande ile ingine kama hunijui. Kumbe umesukumana na watu mpaka mbele, ukapiga magoti kwa turubai.

"Kaka, mwaga tena."

Nikamwaga.

Ukashika kitambaa, ukaigeuza kwa jua, ukaanza kucheka peke yako. "Mutua! Ni jani ya nduma!" Ukasimama, ukaelezea watu wa River Road kama darasa yako. Ukasema jani ya nduma haina mafuta ya kupaka. Iko na vichuguu juu yake, vidogo mpaka ukichukua unywele moja ya kichwa ukaipasua mara elfu, ndio unakaribia. Tone ya maji inakalia ncha za hizo vichuguu, haifiki chini, inateleza. Na kwamba kuna watu wamekaa na hiyo siri kwa maikroskopu mpaka wakaweza kuotesha vinywele vya kufanya kazi kama hizo vichuguu kwa uzi ya suruali. Hiyo ndio unaita nano. Kufanya kitu kubwa kwa kutumia kitu ndogo sana.

Kuna jamaa wa koti nyeusi akauliza, "Na hiyo dawa inaisha?"

Nikakukonyeza. Nikakanyaga kiatu yako. Wewe ukasema, "Ndio. Ukiifua na kuisugua sana, inatoka."

"Na hizo zingine hapa?"

"Hizo zingine ni suruali tu."

Watu walicheka mpaka askari wa kanjo, wale wa jiji, akakuja kuona ni nini. Nilitaka turubai inifunike. Lakini yule jamaa akainama, akachagua suruali ya kawaida, akalipa. Akasema, "Leo angalau nimeuziwa na mtu mkweli." Na wengine wakafuata. Mwende, nimefanya biashara tangu nimeota ndevu, na hiyo ndio siku ya kwanza niliona ukweli ikivuta kastoma. Nilishangaa kuliko vile nilishangaa suruali.

Lakini shika hiyo neno yako: ukiisugua sana, inatoka. Niliisikia na haya masikio. Siwezi kusema sikuambiwa.

Sasa nyungu. Mwaka wako wa mwisho ulikuja nyumbani ukaniambia, "Kaka, nataka vumbi ya mbao." Mimi nikadhani umeanza kufuga kuku. Nilikuwa nachukua maranda kwa mafundi wa fanicha pale Dagoretti Corner, napelekea wafugaji, kwa hivyo vumbi nilikuwa nayo mpaka kwa kope. Nikakuletea gunia. Ukaingiza kichwa ndani, ukanusa kama mtu anachagua nyanya.

"Hii hapana. Hii mbao ilipakwa oili chafu ya gari."

"Ni ya kuzuia mchwa. Vumbi ni vumbi, Mwende."

"Vumbi si vumbi."

Na ikawa hivyo. Nilirudi Dagoretti Corner mara nne. Ulitaka ya mbao safi, ulitaka kavu, ulitaka ipite kwa chujio ya mama ya unga, na mama mpaka leo anasema chapati za hiyo mwezi zilikuwa na ladha ya kabati. Nilipoleta gunia yenye hukunusa mara mbili, ukachukua karatasi ukaandika kwa herufi kubwa: MKURUGENZI WA VUMBI. Ukanipatia kama cheti. Ukacheka, nikacheka. Lakini niliifunga kwa plastiki, Mwende, na iko kwa waleti yangu hadi leo. Wale mafundi walikuwa wakiniona wanapiga kelele, "Mkurugenzi, ofisi yako imejaa, njoo uzoe!" na mimi nazoa nikitembea kama mtu ako na dereva. Sijawahi kuwa na cheo ingine. Hii ya kuzaliwa kifungua mimba haina karatasi.

Ulinipeleka chuo nione vile wewe na wenzako mnafanya. Udongo na vumbi yangu mmechanganya, mkafinyanga nyungu kama ndoo, mkaingiza kwa tanuri. Ukaniambia moto inakula ile vumbi yote, na kila punje ikiungua inaacha shimo yake, kidogo sana, maji inapita lakini wadudu wengi hawatoshei. Nikakuuliza, "Kwa hivyo kazi yangu yote inaenda moshi?" Ukasema, "Kazi yako ndio hiyo shimo, kaka." Nilirudi nyumbani na hiyo maneno. Wewe ni mtu wa kwanza kuniambia kwamba mahali nimetoka pamebaki na maana.

Halafu ukapaka ndani yake na brashi ile maji ya rangi ya chai nyepesi. Silva, ile ya pete, lakini imesagwa hadi jicho inaikosa. Ukaniambia mdudu mwenye amepenya kwa shimo anakutana na hiyo silva na anamalizwa. Shimo ni mlango, silva ni soja wa kulinda. Hiyo ya soja ni yangu, uliniruhusu niitumie.

Ukatengeneza kumi na mbili. Ukapeana kwa nyumba kumi na mbili, na namba saba ikaja kwetu, imekaa ndani ya ndoo yenye mfereji wa kufungulia maji, kwa stuli ya mama. Kila Jumatatu unakuja na vichupa, unachota, unaenda kuangalia kama kuna mdudu imeota. Kila wiki, safi. Mama mwenye alisema hataki maji ya udongo akaanza kujigamba kwa majirani: "Hii ilitengenezwa na msichana yangu. Maji inapigana ndani!"

Sasa tufike hapo.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Kina mama wa ushirika wa kanisa walikuwa wanakuja kwetu kwa maombi. Mama amefagia, ametoa vikombe za wageni, akafunika vitambaa kwa viti. Akaangalia nyungu. Unajua vile ilikuwa imeanza kukaa, ndani ina ile utelezi ya kahawia.

"Mutua, hii imekaa kama sufuria ya githeri imeungua. Nitapatia mama mchungaji maji kutoka kwa hii? Isafishe."

Ulikuwa umetuachia kibrashi laini. Ukasema maji tu, hakuna sabuni, mkono mwepesi. Kibrashi ilikuwa hapo imening'inia kwa msumari. Lakini mimi ni mtoto wa mama, Mwende. Tulilelewaje? Sufuria kwetu haijaoshwa mpaka ujione uso. Ni mimi nilikuwa bingwa wa ploti, mama alikuwa akinisimamisha mbele ya majirani na sufuria mkononi kama kikombe ya kushinda mpira. Nikaangalia hicho kibrashi, nikaona ni ya kuosha meno ya mtoto. Nikachukua waya ya kusugulia sufuria, sabuni ya unga, na mchanga kidogo. Nikakunja shati.

Nilisugua saa nzima. Nilizunguka nayo ndani nikiimba. Ikatoka nyekundu, mpya, unaweza kusema imetoka kwa tanuri hiyo asubuhi. Na nikarudishia maji, ikateremka haraka kuliko siku zote! Nikafikiri nimeiboresha. Kina mama wakasifu. Mama mchungaji alikunywa vikombe viwili. Nilisimama mlangoni kama mtu amegundua kitu.

Jumatatu ukachota. Alhamisi ukarudi, na ulikuwa na uso yenye sijawahi kuona. Hukukaa hata chini.

"Mama, chemsheni maji kuanzia leo. Namba saba imejaa wadudu." Halafu ukanigeukia. "Kaka, kuna mtu aliigusa?"

Mama alikuwa anachambua maharagwe. Mkono yake ikasimama. Nikaona anaangalia chini. Na mimi nikaona ile karatasi yangu kwa waleti, nikaona mafundi wa Dagoretti Corner, nikaona suruali na chai, na wewe ukisema, ukiisugua sana inatoka. Yote nilijua kwa hiyo dakika moja. Nikafungua mdomo, na badala ya ukweli ikatoka, "Hakuna."

Uongo fupi sana. Nimeuza viatu za mguu mmoja kwa maneno mengi kuliko hiyo.

Siku ya kuwasilisha kazi yako nilikuja chuo, nikiwa nimevaa ile suruali ya maajabu, nikakaa kwa koridoo. Ungeificha namba saba, Mwende. Nyungu kumi na moja zilikuwa safi, nani angeuliza? Mimi ningesema zilikuwa kumi na moja tangu mwanzo na ningeapa. Wewe uliwaonyesha yote, ukasema hii moja sijui ni kwa nini, pengine silva inatoka yenyewe, pengine njia yangu ya kupaka si nzuri. Ulipotoka ukaniambia, "Wameniuliza kama kuna mtu aliiharibu. Nikawaambia kaka yangu ako hapo nje, alisema hapana, na kaka yangu hanidanganyi."

Wambui ameacha kuchapa. Ananiangalia. Chapa, dada, najua.

Hiyo siku nilitembea kutoka chuo mpaka Hurlingham, nikapitiliza, mpaka Dagoretti Corner kwa miguu. Fundi mmoja akaniita, "Mkurugenzi!" Nikajifanya sikusikia.

Na wewe ukaenda mbali, na kila barua unaniandikia vitu za kushangaza. Mirija za kaboni nyembamba kuliko unywele na zinashinda chuma. Rangi ya nyumba yenye inasafisha moshi. Kioo inajiosha. Nawasomea watu hapa mtaani, mzee wa viatu ananiuliza kila wiki, "Yule wetu wa vitu ndogo anasemaje?" Hakuna mtu anajisikia mkubwa hii River Road kama mimi nikikutaja. Lakini kila ukitaja nyungu unaitaja kama mtu anataja marehemu, na mimi ndio najua marehemu alikufaje.

Basi ulipouliza tena, nilienda nyumbani. Mama amepanda dhania kwa namba saba, iko mlangoni. Nikang'oa dhania, nikamwaga mchanga, nikaiosha kwa mkono mtupu, pole pole kama mtoto. Nikaiweka kwa jua. Mwende, ziko hapo. Mikwaruzo za waya yangu, zimezunguka ndani yote, duara juu ya duara. Hata mjinga kama mimi anaona bila maikroskopu.

Mama akakuja akasimama nyuma yangu. Akasema, "Mwambie. Na umwambie ni mimi nilikutuma."

Nikamwambia, "Mama, ulinituma kuosha. Hukunituma kuchuna ngozi."

Silva haikutoka yenyewe. Ilitolewa, kwa nguvu, na mtu anaimba. Kazi yako ilikuwa sawa tangu siku ya kwanza. Mimi ndio nilikosea, na nilikosea mara mbili, na ya pili ndio kubwa. Nisamehe, mwana wa mama. Hapa hakuna mzaha.

Lakini nikiwa nimekaa na hiyo nyungu kwa jua, kitu ikanijia. Kila nyumba kuanzia hapa mpaka Kawangware iko na Mutua. Kila Jumamosi kuna wageni. Utaandika maagizo, utaning'iniza kibrashi kwa msumari, na sisi tutachukua waya, kwa vile kwetu kitu chafu haipewi mgeni. Kwa hivyo silva ikikaa juu tu, tutaitoa. Chumvi ya chapati haunyunyizi juu ikishaiva, unaiweka kwa unga. Je, hiyo silva haiwezi kuingia kwa udongo pamoja na vumbi yangu kabla ya tanuri, ikae ndani kabisa, hata nikisugua nikutane na ingine, na ingine? Pengine ushafikiria. Pengine moto inaiharibu, sijui. Mimi nauliza tu, vile wewe uliniuliza juu ya nduma, na safari hii sitakuambia ni mafuta ya Mungu.

Sasa sikia biashara nakuletea. Nimevunja kipande ya namba saba, yenye mikwaruzo mingi, nimeifunga kwa kitambaa ya ile suruali, kesho iko posta. Iweke chini ya maikroskopu yako, umwite profesa aone mkono ya kaka yako. Mwambie nyungu haikukosa. Halafu umpe jibu yenye roho yako inataka, si ile hofu inataka. Ukichagua nyungu, mimi vumbi niko nayo, safi, bila oili, nanusa mwenyewe siku hizi. Na ile ya kwanza ikitoka kwa tanuri, unailetea mama, unaiweka kwa stuli, na unaniacha nayo Jumamosi moja na waya, sabuni na mchanga. Nitaisugua hadi shati ilowe. Jumatatu unakuja na vichupa zako. Maji ikiwa safi, unanirudishia cheo yangu na sahihi mpya. Ikiwa chafu, unarudi kwa udongo na mimi narudi kwa vumbi bila cheo, mpaka itoke yenye haiwezi kuharibiwa na mtu kama mimi. Na Alhamisi ukiniuliza kama kuna mtu aliigusa, nitakujibu mbele ya mama na majirani wote: ndio, mimi, na nilitumia mikono mbili.

Umekubali? Wambui na hawa watu watano ni mashahidi.

Nakushika mkono kutoka huku,
kaka yako Mutua, mkurugenzi aliyesimamishwa kazi